Kuingia Kwenye Kompyuta ya Mteja Ukiwa Mbali: Mwongozo kwa Fundi wa Kujitegemea

Mteja wangu mmoja wa siku nyingi aliwahi kunikatia simu nilipomwomba anisomee namba tisa zilizokuwa kwenye skrini yake. Siku hiyo nilikuwa nimempigia kwa laini nyingine. Baada ya dakika 20 akanipigia kwenye namba yangu aliyoizoea, akauliza: "Ni wewe kweli uliyenipigia?" Nikamjibu ni mimi, nikamshukuru kwa kukata.

Alifanya sawasawa. Sauti ya mtu usiyemwona, inayotaka namba ili iingie kwenye kompyuta yako, ndivyo tapeli anavyosikika. Programu ninazotumia mimi ndizo anazotumia yeye, na kwa macho ya mteja hazina tofauti. Kampuni kubwa inatetewa na jina lake. Sisi tunaojitegemea tunatetewa na namna tunavyofanya kazi. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini nimezipanga nikijiuliza jambo moja: muda wote niliomo ndani ya mashine hii, je, mwenyewe bado ameshika ufunguo wa mlango wake?

Kabla ya yote: mawasiliano yanapita wapi

Programu nyingi za msaada wa mbali zinafanya kazi kwa namna moja. Kompyuta ya mteja inatoka yenyewe kwenda kwenye seva iliyo katikati na kujitambulisha kwa namba. Kompyuta yako nayo inatoka kwenda huko huko na kuitaja namba hiyo. Seva inazikutanisha. Zikiweza kuongea moja kwa moja, zinaachiwa ziongee. Zisipoweza, seva inabaki katikati ikipokea huku na kupeleka kule. Kwa kuwa pande zote mbili zinatoka nje, huhitaji kugusa ruta ya mteja wala kufungua poti yoyote (mlango wa mawasiliano kwenye ruta), na kazi inawezekana hata kwa mteja anayetumia intaneti ya simu, ambako watu wengi wanagawana anwani moja ya nje.

Kuna mafundi wanaofungua poti 3389 kwenye ruta ya mteja ili Remote Desktop, njia ya Windows yenyewe ya kuingia kwa mbali, ifikike kutoka popote. Usifanye hivyo. Poti hiyo inatafutwa na mashine za wadukuzi usiku na mchana, na kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, iliyotangazwa 2019, iliruhusu mtu kuingia bila nywila yoyote kwenye Windows za zamani zilizoiacha wazi. Tena, hata ikiwa imefungwa vizuri nyuma ya VPN (njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti), Remote Desktop haikutengenezwa kwa kazi ya kumsaidia mtu aliyekaa mbele ya mashine: ukiingia, skrini yake inajifunga na yeye haoni unachofanya. Matoleo ya Home ya Windows hayapokei kabisa muunganisho wa namna hiyo.

VNC, njia nyingine ya kuona na kushika skrini kwa mbali, iliyozaliwa kwenye maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, inamwonyesha mteja kila kitu. Ila namna yake ya asili ya kuhakiki nywila inaangalia herufi 8 za kwanza tu, na picha ya skrini inasafiri bila usimbaji fiche. Ndani ya VPN inafaa. Nje, iache.

Hatua ya 1: Chagua programu kwa kuangalia kazi

Kuna kazi za aina mbili. Moja ni ya mteja aliyekwama sasa hivi: yuko mbele ya mashine, anaangalia, mkimaliza mnaagana. Nyingine ni ya mteja aliyekukabidhi mashine zake uzitunze, hata saa ambazo hakuna mtu ofisini. Fundi anayetumia zana ya kazi ya pili kufanyia kazi ya kwanza anaacha milango wazi kwenye nyumba za watu bila kukusudia.

Kwa kazi ya kwanza, kama nyote mna Windows 10 au 11, jaribu Quick Assist kabla ya kufikiria kitu kingine. Ni ya Microsoft yenyewe, na kwenye mashine nyingi tayari imo. Wewe unaingia kwa akaunti yako ya Microsoft na kupata msimbo unaodumu dakika 10. Mteja anauandika upande wake bila kuhitaji akaunti, kisha anakubali uone skrini, na anakubali tena ukitaka kushika kipanya. Upungufu wake ni kwamba haihamishi faili na kikao kinakufa mashine ikiwashwa upya. Pia Windows inapoomba ruhusa ya msimamizi, wewe unaona giza tu mpaka mteja abonyeze mwenyewe. Mafundi wengi wanalilalamikia giza hilo. Mimi nalipenda, kwa sababu linamrudishia mteja uamuzi pale penye uzito.

TeamViewer, iliyoanza 2005 na yenye makao makuu Göppingen, na AnyDesk, iliyoanzishwa 2014 Stuttgart, zote za Ujerumani, zinafanya mengi zaidi na zinakwenda Windows, macOS, Linux na simu. Toleo la bure la kila moja ni la matumizi binafsi. Kumsaidia dada yako ni matumizi binafsi. Kumsaidia mtu anayekulipa ni biashara, hata malipo yakiwa madogo kiasi gani. Programu zenyewe zinanusa matumizi ya biashara na kuanza kukata vikao, mara nyingi katikati ya kazi. Na hata zisingekata, fundi anayemwambia mteja asitumie programu za wizi hana haki ya kutumia leseni isiyo yake.

Usipoweza kulipia, zipo programu huria. RustDesk inafanana sana na AnyDesk kwa matumizi, na unaweza kuiwekea seva yako mwenyewe, nitaieleza mbele. MeshCentral ni kwa kazi ya pili: unaiweka kwenye seva, unasakinisha wakala (programu ndogo inayokaa humo ikikusubiri) kwenye kila mashine unayoitunza, unazisimamia zote kupitia kivinjari. Ina mpangilio unaomlazimisha fundi kuomba idhini kila anapotaka kuona skrini, na mwingine unaoweka ukanda juu ya skrini muda wote aliomo. Iwashe yote miwili.

Ukiamua kununua, mfano ScreenConnect, Splashtop au Zoho Assist, usianze na bei. Anza kuuliza leseni inahesabiwa kwa nini: kwa fundi, kwa vikao vya wakati mmoja, au kwa idadi ya mashine? Fundi aliye peke yake, mwenye wateja wengi wanaomhitaji mara moja kwa mwaka, akilipia kwa mashine ataumia. Kisha fungua kipindi cha majaribio, ukae wewe kwenye kiti cha mteja. Kitufe cha kukata kinaonekana bila kutafutwa? Unajua kwamba kuna mtu ndani hata usipokuwa unaangalia? Kumbukumbu za vikao zinahifadhiwa, na saa zake? Nimewahi kuikataa programu nzuri sana kwa sababu tu mke wangu, niliyemkalisha kwenye kiti hicho, alishindwa kuniondoa.

Hatua ya 2: Linda upande wako

Akaunti yako ya programu hizi ni kishada cha funguo za nyumba zote unazoingia. Iwe na nywila ndefu isiyotumika kwingine, na uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya misimbo badala ya ujumbe wa simu. Barua pepe iliyofungulia akaunti hiyo nayo iwe hivyo hivyo, maana anayeishika barua pepe anaweza kubadili nywila. Kompyuta ya kazi isiwe ile ambayo watoto wanapakulia michezo.

Hatari hii imeshaonekana. Julai 2021 kundi la wadukuzi la REvil lilipitia programu ya Kaseya VSA, inayotumiwa na mafundi na kampuni zao kusimamia mashine za wateja, likafunga faili za biashara ambazo Kaseya yenyewe ilikadiria ni kati ya 800 na 1,500. Wengi wa walioumia hawakuwa wateja wa Kaseya; walikuwa wateja wa mafundi. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba seva zake zimeingiliwa, ikafuta vyeti vya usalama na kubadili nywila za wateja kwenye tovuti yake. Mwezi huo huo ScreenConnect ilikutwa na kasoro iliyopewa alama 10 kati ya 10: mtu yeyote angeweza kujifanya msimamizi wa seva isiyosasishwa. Aliyekuwa anajiendeshea seva akachelewa siku mbili tatu alikuwa tayari amechelewa.

Kwa hiyo jiandikishe kupokea matangazo ya usalama ya programu unayoitumia, na sasisho likitoka liweke siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Andaa mahali pa kupakulia

Hapa ndipo mafundi wazuri wanapowapoteza wateja wao bila kujua. Unamwambia mtu kwenye simu: "Tafuta AnyDesk kwenye Google, bonyeza ya kwanza." Ya kwanza inaweza kuwa tangazo, na matapeli wamekuwa wakinunua matangazo kwa majina ya programu hizi ili watu wapakue za bandia. Wewe ndiye utakuwa umemtuma.

Weka ukurasa wako mmoja mfupi wenye anwani rahisi kutamkwa, jina lako, namba yako ya simu, na kitufe cha kupakua kinachokwenda kwenye tovuti rasmi ya watengenezaji. Usiweke nakala ya zamani kwenye seva yako. Kama huna ukurasa, mtumie mteja kiungo rasmi kwa njia ambayo mmeshawahi kuwasiliana nayo.

Andika hapo pia, kwa maneno yasiyozidi mistari mitano, mambo mnayokubaliana: utaingia ukialikwa tu, hutampigia kumwambia kompyuta yake ina virusi, hutamwomba nywila ya benki wala msimbo wa malipo, na anaweza kukukata wakati wowote bila kueleza sababu. Mteja akishazoea kwamba fundi wake anafanya hivi, tapeli atakayempigia kesho atasikika mgeni mara moja. Huo ndio ulinzi bora kuliko wote ninaoweza kumpa.

Hatua ya 4: Mazungumzo kabla ya kuunganisha

Mteja ndiye apige. Kama ni wewe uliyepiga, mwambie akate akupigie kwenye namba anayoijua. Kisha mwombe afunge kila kisichohusika: barua pepe, mazungumzo ya simu yaliyounganishwa na kompyuta, ukurasa wa benki, picha za familia. Watu wanaona haya kuambiwa hivyo, kwa hiyo mimi husema: "Mama, funga kila kitu ambacho hungependa mgeni akione. Mimi nasubiri." Na nasubiri kweli, bila kuharakisha.

Uliza mambo matatu. Tatizo lilianza lini, na nini kilibadilika karibu na siku hiyo? Kuna nakala rudufu ya faili zake, na iko wapi? Nywila ya msimamizi anaijua? Jibu la swali la pili likiwa "hakuna," kazi ya kwanza ya kikao imeshapatikana.

Eleza gharama na muda kabla ya kuingia. Aliyekwisha kukufungulia mlango anaona vigumu kubishana bei.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Kwenye Windows, baada ya kupakua, mwongoze abonyeze faili kwa kitufe cha kulia, afungue Properties, kisha sehemu ya Digital Signatures, akusomee jina la kampuni. Inachukua nusu dakika, na inamfundisha tabia. Aifungue bila kuisakinisha. Nyingi zinaendeshwa hivyo hivyo na kutoweka zikifungwa.

Mac inahitaji subira zaidi. Tangu macOS Catalina ya 2019, programu hairuhusiwi kunasa skrini mpaka mwenye mashine aiidhinishe mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya Screen Recording (kwenye matoleo mapya inaitwa Screen & System Audio Recording); na ili ushike kipanya na kibodi kuna idhini nyingine chini ya Accessibility. Wewe huwezi kumfanyia kwa mbali. Dalili ni kwamba unaona mandhari ya skrini pekee, au unaona kila kitu lakini kipanya hakisogei. Mwelekeze kwa simu, taratibu, na umwambie mapema kwamba programu itabidi ifungwe na kufunguliwa tena.

Kwenye Linux ya kisasa inayotumia Wayland (mfumo wa kuchora skrini), mteja mara nyingi ataulizwa kama anaruhusu skrini yake inaswe. Ukiona giza, sababu mara nyingi ni hiyo.

Anza kwa kuangalia tu. Omba kushika kipanya baada ya mteja kukuonyesha tatizo kwa mkono wake, kwa sababu nusu ya utambuzi iko kwenye namna anavyobonyeza.

Hatua ya 6: Ukiwa ndani

Ongea. Ukimya wa fundi unamtisha mtu anayeona kipanya chake kikitembea chenyewe. Sema unachofungua kabla hujakifungua: "Sasa naingia kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows. Sifuti chochote, naangalia." Usiingie kwenye folda ya nyaraka au picha bila kuitwa humo. Ukihitaji nywila yake, achia kibodi aiandike mwenyewe, na umwambie kwamba unaangalia pembeni.

Zima kuunganishwa kwa nafasi ya kunakili na kubandika. Hili halisemwi sana, ila lina madhara makubwa: programu nyingi zinaoanisha nafasi hiyo pande zote mbili, kwa hiyo nywila uliyoinakili kwako kwa ajili ya mteja mwingine inaweza kufika kwenye mashine hii bila wewe kujua, na ya kwake kufika kwako. Iwashe pale tu unapohitaji kupeleka amri ndefu, kisha uizime.

Kabla ya kubadili chochote, tengeneza kituo cha kurejea cha System Restore, kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows). Amri `manage-bde -status` kwenye dirisha la amri la msimamizi inajibu. Ikiwa imefungwa, mteja ahakikishe anao ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48, na uwe umeandikwa nje ya kompyuta hiyo. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) au kusasisha programu yake bila ufunguo huo, mashine inaweza kuwaka na kuudai, wewe uko mbali, na mteja hana cha kuandika. Nimeliona hilo mara moja kwa mteja aliyekuja kwangu baada ya fundi mwingine. Tulitumia siku nzima kutafuta ni akaunti ipi aliyoitumia alipoinunua kompyuta.

Kwa utambuzi, usirukie kusafisha. Fungua kumbukumbu ya uthabiti kwa `perfmon /rel`; inaonyesha siku kwa siku ni programu gani ilianguka na nini kilisakinishwa, na mara nyingi inakujibu kabla hujauliza la pili. Mafaili ya mfumo yakishukiwa, endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` kwanza, kisha `sfc /scannow`. Mpangilio huo una sababu: amri ya kwanza inatengeneza ghala ambalo ya pili inachukulia vipuri.

Intaneti ikiwa dhaifu, punguza ubora wa rangi, zima picha ya mandhari, onyesha skrini moja tu. Hayo yasipofaa, acha kuhangaika na kipanya. MeshCentral na ScreenConnect zinakupa dirisha la amri bila picha ya skrini, na maandishi yanapita hata kwenye mtandao wa kukatika katika. Lakini mteja haoni amri hizo, kwa hiyo zisome kwa sauti kwenye simu.

Na simu isikatwe kamwe unapogusa mambo ya mtandao. Ukibadili draiva ya kadi ya mtandao au kuzima faiwoli vibaya, umekata tawi ulilokalia. Kabla ya hapo mwombe mteja aunganishe simu yake kwa waya wa USB na kugawa intaneti, iwe njia ya pili.

Hatua ya 7: Kuwasha upya

Kikao cha muda kinakufa mashine ikizimwa. Programu kadhaa za kulipia zina uwezo wa kuwasha upya na kurudi zenyewe, hata kwenye Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) yenye mtandao. Bila uwezo huo, mweleze mteja kabla hujabonyeza: skrini itazima, utaona nini, utafungua nini, utanisomea nini. Aandike kwenye karatasi. Mteja aliyeandika hatua nne kwa mkono wake hafadhaiki sasisho linapochukua dakika 40.

Hatua ya 8: Kuondoka

Kuondoka kuna uzito sawa na kuingia. Mwonyeshe ulichobadili. Mwache ajaribu mwenyewe lile lililomshinda, ukiwa bado unaangalia. Futa zana ulizoleta. Kisha yeye ndiye akate, kwa mkono wake, na aifute programu ya msaada kama haikuwa ya kudumu. Kama uliweka nywila ya muda popote, aibadilishe kabla hamjaagana.

Siku hiyo hiyo mtumie maandishi mafupi: saa uliyoingia, saa uliyotoka, ulichokikuta, ulichokifanya, kilichobaki. Nakala yako iweke. Kuhusu kurekodi vikao kwa video, mimi sirekodi bila kuomba, na nikirekodi nafuta kazi ikishathibitishwa. Rekodi hiyo ina kila kilichopita kwenye skrini ya mtu, na kuilinda ni mzigo ambao fundi mmoja hauwezi vizuri.

Ukikabidhiwa mashine za kudumu

Ofisi ndogo zitakuomba uwe unaingia bila kuwasumbua. Kubali kwa maandishi yaliyosainiwa, yanayotaja mashine zipi, saa zipi, na nani mwingine anaruhusiwa. Kila mashine iwe na nywila yake ya kuingilia. Nywila moja kwa wateja wote ni maafa yanayongoja siku. Programu ikiruhusu, weka orodha ya namba zinazokubaliwa, iwe yako pekee. Tunza daftari la mashine zote ulizoacha wakala, na kila baada ya miezi mitatu lipitie. Utashangaa ni ngapi za watu mliokwisha kuachana. Mkataba ukiisha, ondoa wakala siku hiyo na umjulishe mteja kwamba umemwondoa.

Kuweka seva yako ya RustDesk

Unahitaji seva ndogo ya Linux yenye anwani isiyobadilika. Kwa fundi mmoja hata ya uwezo wa chini inatosha. Ina programu mbili: `hbbs` inayokutanisha mashine, na `hbbr` inayopitisha data pale mashine zinaposhindwa kuongea moja kwa moja. Fungua poti za TCP 21115, 21116 na 21117, pamoja na UDP 21116 (TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data). Hiyo ya UDP ndiyo husahaulika, na ukiisahau mashine zinaonekana haziko hewani. Poti 21118 na 21119 ni za kutumia kupitia kivinjari. Kama hutumii, zibaki zimefungwa.

Ukiiwasha mara ya kwanza inatengeneza faili la `id_ed25519.pub`. Yaliyomo ndiyo ufunguo wa wazi wa seva, unaouweka kwenye programu ya kila mteja pamoja na anwani. Faili lenzake lisilo na `.pub` ni siri. Linakiliwe mahali salama, maana likipotea utalazimika kubadili mipangilio ya kila mashine. Kwa mteja wa Windows usimchoshe na kuandika ufunguo mrefu: jina la faili likibadilishwa kuwa na muundo wa `rustdesk-host=anwani,key=ufunguo.exe`, programu inajisoma yenyewe na kujipanga.

Ila kumbuka yale ya ScreenConnect. Seva ikiwa yako, kuisasisha ni juu yako, hata wikendi. Kama hutaweza, lipia ya watu.

Kazi za kukataa kwa mbali

Diski inayotoa mlio au kuonyesha makosa mengi ya kusoma: mwambie azime mara moja, kila dakika ya kikao inazidi kuiua. Mashine inayojizima kwa joto. Kusasisha BIOS kwa mteja asiye na umeme wa uhakika. Na mashine ya kazini kwa mtu ambaye si mwenye kuamua juu yake. Mfanyakazi kukuruhusu si idhini ya mwajiri.

Mteja akikupigia baada ya kutapeliwa

Utapigiwa simu hii. Mtu ameruhusu "fundi wa Microsoft" aliyempigia, sasa moyo unamdunda. Usikimbilie kuunganisha. Mwambie achomoe waya wa mtandao au azime ruta, na aiache kompyuta jinsi ilivyo. Kisha apige benki yake kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Kisha, kwa kifaa kingine, abadili nywila ya barua pepe kwanza na nyinginezo baadaye, na kuondoa vifaa vyote vilivyo ndani ya akaunti zake.

Kompyuta yenyewe ifuatwe au iletwe. Tapeli mara nyingi anaacha zana ya pili ya kudumu, na ukiifuta ile inayoonekana yeye anabaki na mlango mwingine. Ukiifungua, bila intaneti, andika programu zote za msaada wa mbali zilizomo na tarehe zilivyoingia. Mteja atahitaji orodha hiyo polisi na benki. Nakili nyaraka zake, kisha futa diski na kusakinisha mfumo upya.

Usimuulize kwa nini alikubali. Ameshajiuliza mwenyewe tangu simu ilipokatika. Muulize kama benki imempa namba ya kumbukumbu ya malalamiko yake, na kama hajapewa, kaa naye mpaka aipate.